"Jiwe hili limetoka shimo gani?" Baba aliniuliza, nikamdanganya

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 29, muuguzi katika hospitali moja hapa Mwanza. Nimechumbiwa tangu Julai na ndoa tumeipanga baada ya Pasaka. Nakuandikia kwa sababu ya pete. Naomba usinicheke, maana kila ninayejaribu kumweleza ananijibu, "Pete tu hiyo, shukuru umevalishwa."

Nimezaliwa na kukulia Mwadui. Baba alifanya kazi mgodini miaka 27, na mingi kati ya hiyo alikuwa upande wa kuchambua almasi. Tukiwa wadogo alituelezea jinsi mchanga na maji vinavyopitishwa juu ya meza iliyopakwa grisi: mawe ya kawaida yanateleza na maji, almasi inanata. "Almasi haipatani na maji, inapenda mafuta," ndivyo alivyosema, na sisi tukawa tunapaka mafuta ya kula kwenye sinia, tunamwagia kokoto na maji, tunasubiri moja inate. Habari ya lile jiwe la rangi ya waridi lililopatikana Mwadui mwaka 1947, la karati 54.5, ambalo Williamson, mwenye mgodi, alimzawadia Elizabeth binti wa mfalme wa Uingereza alipoolewa, naijua kuliko hadithi za sungura na fisi. Kwetu almasi si pambo tu. Ndiyo iliyotusomesha.

Mchumba wangu ana duka la vipuri vya magari. Ni mtu wa mahesabu, na ni mkweli. Alimuuliza mdogo wangu saizi ya kidole changu, akaweka akiba miezi 14, akamwagiza binamu yake anayekwenda Dubai kuchukua mzigo. Pete ni ya dhahabu nyeupe ya karati 14. Jiwe la katikati ni la duara, uzito wake karati moja kamili, na limezungukwa na vijiwe vidogovidogo, ile staili ya halo. Jioni aliyonivalisha aliniambia wazi: "Hii ni almasi ya maabara. Ni almasi kamili, ila haikuchimbwa. Nimelipa milioni 3 na laki 2. Ya kuchimbwa ya ukubwa huu ingekula na hela ya kiwanja." Nikalia kwa furaha. Sikuona tatizo lolote, naapa.

Wiki mbili baadaye nikaenda nyumbani. Baba akaiomba pete. Akakaa karibu na dirisha, akaifuta kwa upindo wa shati, akaipulizia pumzi na kuangalia ukungu unavyopotea. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kopo lake la siku zote, akatoa lenzi yake ya zamani, akaliangalia jiwe mpaka chai yake ikapoa. Ndipo akaniuliza, "Jiwe hili limetoka shimo gani?"

Shangazi, sijui nilipatwa na nini. Nikasema, "Afrika Kusini." Baba akarudia taratibu, "Afrika Kusini." Akanirudishia pete, akasema ni jiwe safi, akaomba chai nyingine.

Tangu siku hiyo sina amani. Baba amewaambia wazee wenzake pale Maganzo kwamba pete ya binti yake imetoka Afrika Kusini. Na huyo ndiye mzee aliyepunguza mahari kutoka ng'ombe 15 hadi 8 kwa sababu alimpenda kijana. Nikifikiria siku atakayojua kwamba mkwewe alinunua jiwe lililopikwa kiwandani, wakati yeye alimaliza macho yake akichambua ya kweli, naona aibu mpaka mwili unasisimka. Hata pete yenyewe nimeanza kuichukia. Naiona kubwa mno. Kazini inachana glavu, na mwezi uliopita kijiwe kimoja cha pembeni kilidondoka wodini, nikapiga magoti chini ya vitanda nikakitafuta, sikukiona. Sasa naiacha kabatini, na mchumba ameanza kuuliza kwa nini siivai.

Ninachotaka moyoni ni pete ya jiwe moja dogo la asili, ikiwezekana la kwetu. Lakini nikimwambia tubadilishe nitakuwa nimemdharau mtu aliyejinyima miezi 14. Nisipomwambia, nitaingia kanisani na uongo kidoleni. Na wiki ijayo tunatakiwa kwa sonara kuagiza pete za ndoa. Yeye anataka yangu iwe na vijiwe kuzunguka duara zima ili ilingane na hii, mimi nataka tupu isiyo na jiwe. Nifanye nini?

Mwenye Pete Kabatini, Mwanza

*

Marahaba mwanangu,

Sikucheki. Anayesema "pete tu hiyo" hakukulia kwenye nyumba ambayo baba anarudi jioni akinuka grisi ya meza ya almasi. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona habari ya jiwe, mara ya pili nikaona habari ya staili isiyofaa kazi yako, na mara ya tatu nikakaa pale dirishani na baba yako. Mambo hayo umeyafunga kwenye fundo moja la khanga, ndiyo maana kila ukivuta upande mmoja mwingine unakaza. Tuyafungue taratibu.

Tuanze na maneno uliyoyatumia. Umeandika "jiwe lililopikwa kiwandani" na "ya kweli". Najiuliza maneno hayo ni ya nani, kwa sababu baba yako katika barua hii hajayatamka. Mchumba wako alikueleza sawasawa. Almasi ya maabara ni kaboni, kama iliyotoka ardhini. Wamarekani wa kampuni ya General Electric walifanikiwa kuitengeneza mwaka 1954 kwa joto na mgandamizo mkubwa, na siku hizi ipo pia njia ya kuiotesha tabaka juu ya tabaka kutoka kwenye gesi. Ya Mwadui ilipikwa vilevile, tofauti ni kwamba ilipikwa na dunia, zaidi ya kilomita 100 chini ya miguu yetu, kwa muda usiohesabika. Ugumu ni uleule, mng'ao uleule. Ukungu ule wa pumzi aliouangalia baba yako ulipotea upesi kwa sababu almasi hupitisha joto haraka, na ya maabara hufanya hivyohivyo. Ningeongeza jambo moja ambalo nadhani yeye analijua kuliko mimi: jiwe hilo ukilitupa kwenye meza yake ya grisi, lingenata.

Hata hivyo sitaki kukupitisha haraka hapo, kana kwamba unachokisikia moyoni ni ujinga tu. Kuna watu wanaoishi kwa kuchimba, na mawe haya ya maabara yameshusha bei na kuwatia hofu. Mzee aliyemaliza nguvu zake mgodini ana haki ya kuumia. Kuna na suala la thamani: bei ya almasi za maabara imeporomoka sana miaka hii ya karibuni, na mkitaka kuiuza kesho mtarudishiwa kidogo sana. Ya asili nayo ukiitoa dukani ukairudisha sokoni hupati ulichotoa, ila yenyewe hushikilia zaidi. Kama pete kwako ni akiba, hilo lina uzito. Kama ni ahadi, mizani inakuwa nyingine. Wewe mwenyewe hujaniambia ni ipi.

Sasa turudi dirishani. Mwanangu, ulisema baba aliliangalia jiwe kwa lenzi mpaka chai ikapoa. Unajua alikuwa anatafuta nini? Almasi nyingi za maabara zenye cheti huandikwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe: namba ya cheti, na mara nyingi maneno yanayosema kwamba limekuzwa maabara. Maandishi hayo huonekana kwa lenzi ya mara 10, ndiyo lenzi ya watu wa almasi. Sisemi aliyasoma. Halo huziba ukingo wa jiwe la katikati, na macho yake unasema yamechoka. Lakini mtu aliyechambua almasi miaka mingi hauliziulizi "shimo gani" bila sababu. Huenda aliuliza kwa mapenzi tu, kama mkulima anavyouliza mahindi haya ni ya shamba la nani. Huenda alikuwa amekwishaona, akakufungulia mlango uingie mwenyewe. Na ile "Afrika Kusini" aliyoirudia taratibu kabla ya kukurudishia pete, wewe uliyekuwepo ndiye unayejua ilivyosikika. Ningependa uikumbuke tena, bila ile aibu kukaa mbele yake.

Umedhani pia kwamba kupunguza ng'ombe kutoka 15 hadi 8 ni deni ambalo mchumba wako amelidhulumu kwa kununua jiwe la bei nafuu. Lakini mzee alimpunguzia kwa kumpenda, kabla pete haijafika. Alipenda nini? Kama ni ukweli wake na akili yake ya fedha, basi pete hii imetokana na vitu hivyohivyo viwili. Kijana alikwambia ukweli usiku uleule, na hela ya kiwanja akailinda. Aliyesema uongo katika habari hii si yeye. Nakwambia kwa upole, kwa sababu naona umembebesha jiwe lawama ambayo haikuwa yake.

Njia unazo kadhaa, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kukaa na pete hiyo na kumwambia baba ukweli kabla ya sherehe. Hatari yake ni kwamba amekwishawaambia wazee wa Maganzo, na mzee kurudi kijiweni kusahihisha maneno yake si jambo dogo. Anaweza kunyamaza siku mbili tatu, na ukimya wa baba unauma. Ukichagua hivyo, nenda na cheti cha jiwe, maana mtu wa kazi yake huheshimu karatasi na vipimo, na uanze na kosa lako kabla ya kuanza na jiwe. Mama hukumtaja kabisa kwenye barua. Kama yupo, au kama yupo shangazi wa damu, huenda akaijua saa nzuri ya kuongea na mzee.

Unaweza kunyamaza. Wengi wangekushauri hivyo. Lakini baba ana lenzi, mdogo wako alihusishwa na pete tangu mwanzo, binamu wa Dubai anajua bei, na sendoff hukusanya watu wote hao kwenye ukumbi mmoja wenye kipaza sauti. Zaidi ya hapo, mchumba wako hajui kwamba pale yeye aliposema ukweli, wewe umemweka kwenye uongo. Siku mzee akimuuliza habari za Afrika Kusini atajibu nini?

Kuna lile unalolitaka, jiwe moja dogo la asili. Ni staili nzuri, haizeeki, na kwa muuguzi ina akili. Kwa fedha ileile aliyotoa, mngepata jiwe la robo hivi ya karati mpaka theluthi, lililokatwa vizuri, kwenye dhahabu nzuri. Tatizo liko kwenye hayo maneno "ikiwezekana la kwetu". Mawe mabichi yakitoka mgodini huuzwa kwenye minada na masoko ya mbali kama Antwerp na Dubai, mengi hukatwa Surat kule India, na njiani yanachanganywa na ya mashimo mengine. Zile hati za Mpango wa Kimberley, ule wa kuzuia almasi za vita ulioanza mwaka 2003, husindikiza mzigo wa mawe mabichi kuvuka mpaka, hazifiki kwenye kidole cha bibi harusi. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hili ni la Mwadui", mwombe karatasi inayoonyesha hivyo, la sivyo utakuwa umenunua maneno, na baba akiuliza shimo gani utajibu tena kwa kubahatisha. Ukitaka kitu cha udongo wetu kisicho na wasiwasi, lipo yakuti la Umba au Tunduru, ambalo kwa ugumu linaifuata almasi. Tanzanaiti ni nzuri mno, lakini ni laini. Kwa mikono inayooshwa na kuvishwa glavu mara arobaini kwa siku ningeiweka masikioni au shingoni.

Ipo njia nyingine ambayo hukuiandika, na nadhani ni kwa sababu unaona jiwe na pete ni kitu kimoja. Sonara anaweza kulitoa jiwe la katikati kwenye halo na kuliweka kwenye pete ya chini, lizungukwe na ukingo wa dhahabu badala ya kushikwa na vikucha. Halichani glavu, halidondoshi kitu. Lile jiwe la waridi unalolijua tangu utoto, Elizabeth alizawadiwa likiwa bichi, likakatwa likabaki karati 23.6, na ndoa ilikuwa na miaka kadhaa ndipo mwaka 1953 likawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Jiwe linaweza kungoja kujua litakaa wapi. Lakini hapa nako kuna hatari. Jiwe likitolewa linaweza kubadilishwa au kupigwa ufa, kwa hiyo lihakikiwe kwa cheti na namba yake kabla ya kuacha na baada ya kuchukua, kwa macho yenu wote wawili. Na kijana anaweza kuona kwamba umeibomoa zawadi yake hata kama jiwe limebaki.

Kuhusu yeye, umesema ukimwambia utakuwa umemdharau. Labda. Akisikia "pete yako inanitia aibu kwa baba", ataumia, na nisingemlaumu. Lakini je, akisikia habari ya glavu, na ya kile kijiwe ulichokitafuta chini ya vitanda kwa magoti, na jinsi ulivyoogopa kumwambia? Na akisikia kwamba ulimdanganya baba, na kwamba hujui utatokaje hapo? Hayo ni mambo ya mke kumwambia mume. Sasa hivi anachokiona ni kidole kitupu, na kidole kitupu mwanamume hukisoma anavyojua yeye. Nina wasiwasi na anachokisoma kuliko nilivyo na wasiwasi na jiwe.

Pete za ndoa hazina haraka ya wiki ijayo. Pasaka bado iko mbali. Ila mkifika kwa sonara mwambie aweke pete tupu ya duara kando ya hiyo ya halo uone. Kichwa cha halo ni kipana, kitaisukuma ile ya pili na kuacha mwanya katikati, isipokuwa itengenezwe yenye mkunjo wa kuifuata. Ile anayoitaka mchumba, yenye vijiwe duara zima, inang'aa kweli, sikatai. Lakini haipunguzwi wala kuongezwa saizi, na vidole hunenepa tukibeba mimba na tukizeeka. Muuguzi atakuwa na vikucha vingine ishirini vya kuogopa. Wapo wanaoweka vijiwe nusu ya juu tu, nusu ya chini ikabaki dhahabu tupu, na hapo sonara anapata pa kukata. Kanisani padri atazibariki pete zenu zikiwa na mawe au bila mawe. Na wodini, taratibu za usafi wa mikono hazipendi pete zenye mawe kwa mtu yeyote, kwa hiyo pete tupu ya kazini utaihitaji hata kama hii ya halo ingekuwa imechimbwa na baba yako mwenyewe. Hilo unaweza kumweleza mchumba bila kumgusa popote.

Sikuchagulii mwanangu, kwa sababu kati ya watu watatu katika barua hii namsikia mmoja tu. Sijui baba alikuwa na uso gani aliposema "jiwe safi". Sijui mchumba wako hunyamaza vipi akiumia. Wewe unajua vyote viwili.

Kwa sasa usiiache tena kabatini. Ipeleke kwa sonara aangalie vikucha vyote na ajaze ile nafasi ya kijiwe kilichopotea, maana kimoja kikitoka jirani zake hulegea. Na ukiiona imefifia usidhani ni ubaya wa jiwe. Ni losheni na mafuta ya mikono, na unajua tangu utoto kwa nini yameganda hapo. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini, upande wa chini wa jiwe hasa.

Ukishaongea na yeyote kati yao, niandikie aliitikia vipi.

Shangazi yako